Vyuma vya ukutani, Mbalibali

Mbalibali, wilayani Serengeti, karakana ya seremala unaisikia kabla hujaiona. Niliyoingia ina msumeno wa meza wa mtumba, uliofika bila kitabu cha maelekezo. Vyuma vilivyokuja nao fundi amevitundika ukutani.

Kimoja kimepinda kama mundu, hakina meno. "Hiki sijui cha nini, dada. Tulikitoa, kinatuziba."

Hicho ndicho ningekirudisha kwanza. Hukaa nyuma ya diski ya msumeno na kupita kwenye mpasuo, ubao usijibane. Ukijibana, meno ya nyuma huunyanyua na kuurusha kwa aliyesimama mbele. Kiwe kinene kuliko bati la diski, chembamba kuliko mpasuo. Cha mashine nyingine huenda kisifae.

Kijiti cha plastiki chenye pengo mwishoni, ambacho watoto walikifanya bunduki, ni cha kusukumia ubao ili vidole vikae mbali. Na lile tundu pana chini ya meza? Huunganishwa bomba la kunyonya vumbi.

Vumbi ni eneo langu, kwa hiyo niseme zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, lilishasema mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao husababisha saratani ya pua na mianya yake. Hatari ni kwa anayelivuta miaka mingi, lakini hata siku moja linaweza kumchokoza mtoto mwenye pumu. Kama bomba hakuna, pasulieni nje, nyunyizeni maji kabla ya kufagia, na baba abadili shati kabla ya kumbeba mtoto.