Kutu ya Kigamboni

Pikipiki ya Kigamboni huoza kuanzia chini. Mwenyewe huja kushtuka tanki limechubuka, kumbe kutu ilikwisha kuhamia zamani kwenye stendi, kwenye keria na kwenye maungio ya fremu ambako maji ya matope hutuama. Sisi tunaovuka na kivuko kwenda Magogoni tunaongezewa na chumvi. Upepo wa bahari huiacha juu ya chuma, nayo huvuta unyevu hata siku isiyo na tone la mvua. Nina rafiki Dodoma mwenye Boxer ya rika moja na yangu. Fremu yake bado inang'aa, na wala si kwamba anaitunza kunishinda.

Mimi ni bodaboda, na vyuma vya pikipiki yangu navipiga rangi mwenyewe nyumbani, uani, kipande kimoja kimoja ili kesho yake niingie barabarani. Wenzangu kijiweni wakiona keria imerudi nyeusi tii, swali lao la kwanza ni lile lile: "Kaka, umetumia rangi gani?" Rangi yoyote ya kopo inayouzwa Kariakoo na watu wanaojua wanachouza inatosha. Kupuliza ni kazi ya muda mfupi sana. Kinachokula siku ni kuosha na kusugua, na hapo ndipo wengi wanapokata njia ya mkato.

Tuanze na kuosha, maana kuna jambo linalotuponza sote. Vijana wa kuosha pikipiki wana kawaida ya kumalizia kwa kitambaa chenye dizeli ili injini na plastiki zing'ae. Zinang'aa kweli. Lakini dizeli hiyo hubaki kwenye vitundu vidogo vya chuma, na rangi ikitua juu yake hujikunja, ikaacha viduara vitupu vitupu ambavyo hata ukirudia kupuliza havizibiki. Kwa hiyo naosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, na brashi ya meno kwenye pembe, nikaacha pakauke kabisa. Kisha nafuta kwa thina na kitambaa cheupe, nikibadilisha upande wa kitambaa hadi kitoke kama kilivyoingia. Kuanzia hapo sishiki kipande kwa kiganja kitupu, maana jasho nalo ni mafuta na chumvi.

Keria ndiyo kipande kinachofundisha zaidi. Kwa juu utaona malengelenge machache tu ya rangi. Bonyeza moja kwa ncha ya bisibisi, litapasuka na unga wa kahawia umwagike. Ukizidi kuchokonoa utakuta kutu imesafiri chini ya rangi iliyoonekana nzima, pengine upana wa vidole viwili. Yote hiyo lazima ifuatwe mpaka inapoishia. Natumia brashi ya waya kwanza, halafu msasa namba 120 mpaka chuma kiwe cheupe, halafu 240 kufuta mikwaruzo ya ule wa kwanza. Pale rangi ya zamani inapokutana na chuma kitupu pana ukingo, na ukingo huo nausugua kwa msasa wa maji namba 400 hadi uteremke taratibu. Jicho halifai kupimia hapa. Nafumba macho napitisha ncha ya kidole. Kikijikwaa, hata kidogo, narudi kwenye msasa, kwa sababu rangi mpya itauchora ukingo ule waziwazi.

Kutu iliyojichimbia kwenye vishimo haifikiwi na msasa. Ipo dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, hiyo huigeuza kutu kuwa tabaka gumu lisiloendelea kula chuma. Ndimu inasaidia kwenye doa dogo, lakini lazima isuuzwe na chuma kikaushwe papo hapo. Na chuma kilichovuliwa rangi huku kwetu hakilali uchi: ukikiacha usiku mmoja, asubuhi unakikuta kimeota wekundu, na kazi inaanza upya. Nikimaliza kusugua napiga praima siku ile ile.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Masika sipulizi. Thina inapokimbia kwenye rangi hupoza uso wa chuma, na hewa ikiwa nzito kwa unyevu, maji hunasa ndani ya rangi mbichi. Nyeusi yako inatoka na weupe kama maji ya kuoshea mchele. Jua la saa saba nalo ni balaa la upande wa pili, chuma kinakuwa cha moto na rangi inakauka kabla ya kutandaa, ikabaki na chenga. Saa yangu ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano hivi, umande umekwisha na upepo haujaanza kuinua vumbi. Kipande nakitundika kwa waya. Zamani nilikuwa natundika kwenye kamba ya nguo, lakini mama watoto ana maoni yake kuhusu jambo hilo na mimi nayaheshimu.

Kopo litikiswe mpaka gololi ya ndani ilie, kisha uendelee kutikisa dakika mbili nyingine. Umbali ni shibiri moja. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kipande, pita bila kusita, achia ukiwa umeshakivuka. Mkono wa kwanza uwe kama ukungu tu, chuma kionekane bado. Wanaotaka kufunika mara moja ndio wanaopata michirizi. Subiri kama dakika kumi, pita tena. Mikono mitatu myembamba inashinda mmoja mnene, na ukimaliza geuza kopo juu chini upulize hewani kidogo, tundu lisizibe.

Bomba la moshi lina sheria zake. Rangi ya kawaida hapo huungua na kubanduka, ikanuka siku nzima. Tafuta iliyoandikwa kuhimili nyuzi 600, na usiiwekee praima ya kawaida chini yake. Hiyo hukomazwa na joto lenyewe: washa injini dakika chache, zima ipoe, washa tena kwa muda mrefu kidogo.

Vipo visivyoguswa na rangi kabisa. Mirija inayong'aa ya shokapu za mbele, kwa sababu rangi itachana sili na mafuta yatavuja. Sehemu za breki zinazosuguana. Nyuzi za bolti. Mapezi ya injini yasijazwe rangi nene, yamewekwa kupunguza joto. Na namba ya chesisi usiisugue wala usiizike chini ya puti, hata kama fremu nzima inameremeta. Trafiki ataitafuta, na siku ya kuuza mnunuzi ataitafuta pia. Madigadi ya plastiki yanataka praima yake ya plastiki, na thina kali huyalainisha, kwa hiyo hayo yaoshwe kwa sabuni tu.

Tanki sipigi. Petroli inayodondoka wakati wa kujaza huyeyusha rangi ya kopo la kawaida, na ili ihimili lazima ifunikwe kwa klia inayochanganywa na hadina. Hadina nyingi za namna hiyo zina isosianati, kemikali inayoshambulia mapafu na inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya karatasi haiizuii, na kitambaa puani ndiyo kabisa. Uani kwangu wanacheza watoto. Tena tanki lenye mvuke wa petroli si kitu cha kusogeza karibu na jiko la mkaa la jirani. Kazi hiyo nampelekea fundi rangi mwenye kompresa na barakoa ya vichujio, na namlipa bila kunung'unika.

Kama unafikiria kubadili rangi kabisa, nyekundu iwe bluu, soma kadi ya pikipiki kabla hujanunua kopo. Rangi imeandikwa humo, na ikibadilika unatakiwa kuitaarifu TRA ili kumbukumbu zirekebishwe. Ukirudishia ile ile ya kiwandani, huna safari hiyo.