Mbaraka wa Betri Chovu

Baba alikuwa mtu wa reli. Kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, reli ilikuwa moja, na mara mojamoja kazi ilimfikisha Nairobi. Akirudi Morogoro tulimpokea begi tukilipima uzito, maana santuri zilikuwa nzito kuliko nguo. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha santuri. Redio Tanzania iliwarekodi wanamuziki wetu kwenye kanda, na kanda zikabaki huko huko redioni. Hivyo Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro hapo hapo, aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, sauti yake ilibidi ivuke mpaka, igeuzwe sahani Nairobi, ndipo itufikie nyumbani ndani ya begi la Baba.

Gramafoni yetu ilikuwa ya mkononi, ya betri kubwa sita, kifuniko chake ndicho spika. Nyumba haikuwa na umeme. Sindano ikianza kuruka, Baba aliweka senti hamsini juu ya mkono wa gramafoni, ile sarafu ya sungura, na sindano ikatulia. Hakuna aliyetuambia kwamba sungura yule alikuwa akiila santuri. Betri zikichoka, Mama alizianika juani juu ya kipande cha bati, jioni zikawa na nguvu kidogo za kutumalizia wimbo.

Kumalizia ni neno kubwa, kwa kweli. Santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, hubeba dakika chache tu kila upande, na nyimbo za dansi zilikuwa ndefu. Kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, na upande wa pili magita yakiachiwa uwanja. Mbaraka alikuwa mtu wa gita la solo, na upande wa pili ndiko alikofungua roho. Lakini mara nyingi Baba alisikiliza wa kwanza, akafunga kifuniko. “Tutunze betri,” alikuwa akisema.

Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, haukufunguliwa hadi 1983. Katikati hapo, Januari 1979, Mbaraka akafariki kwa ajali ya gari huko Kenya. Baadaye zilitoka LP za Ukumbusho, mkusanyo wa nyimbo zake, nami nilinunua moja nilipoanza kazi. Ni LP nzuri, lakini wimbo tulioupenda zaidi nyumbani, ule tuliouita wetu, haukuwamo. Baba naye alipofariki, santuri zake ziliingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama, zikakaa humo miaka.

Kisha mpwa wangu anayeishi Hamburg akaniletea zawadi: LP mpya, nzito, jalada linang’aa, iliyotolewa upya Ulaya, na wimbo wetu ukiwamo. Wakati huo nilishanunua gramafoni ya kisasa ya umeme. Nikaweka sindano, nikakaa.

Walikuwa wameukimbiza! Ndilo jambo la kwanza nililosema. Sauti ya Mbaraka ilikuwa juu, kijana mno, na ngoma zilikuwa na haraka isiyokuwapo. La pili, vipande viwili vilikuwa vimeungwa, nami mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kwenda kugeuza sahani pale ambapo hapakuwa tena na pa kugeuza. La tatu, matoazi yalikuwa yamefutwa uso. Yalisikika kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

Halafu, kabla ya kiungo, ikaanza tiki. Tiki, tiki, tiki. LP mpya, haijapigwa hata mara mbili! Nikaangalia saa ya ukutani nikahesabu: tiki 22 kwa nusu dakika. LP huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo mkwaruzo wake ungegonga kama mara 17 tu. Hizi zilikuwa hesabu za santuri ya mizunguko 45. Nikaelewa. Waliotoa upya hawakuwa na kanda ya studio. Walikuwa wametafuta santuri kuukuu ya mtu, wakainakili kwenye kompyuta, wakasafisha kelele kadiri walivyoweza, na katika kusafisha wakaondoka na matoazi. Mkwaruzo wa nyumba ya watu nisiowajua ulikuwa umechongwa upya ndani ya plastiki mpya.

“Mjomba, si bora utoe ya Babu tulinganishe?” mpwa wangu akasema.

Tukalivuta sanduku. Santuri ya Baba niliiosha kwa maji na tone la sabuni, nikaikausha kwa kitambaa laini. Uzito wa sindano nikaupima gramu 2, sungura hayupo. Ili nisidanganyike na kasi nilitumia ile karatasi ya duara yenye mistari, inayowekwa juu ya sahani chini ya taa ya tyubu: kasi ikiwa sawa, mistari inaonekana imesimama. Ilisimama. Nikaitoa karatasi, nikateremsha sindano.

Mbaraka yule yule kijana. Haraka ile ile.

Nilimwita Mama toka uani. Akasikiliza kidogo, akacheka. “Sasa wewe ulifikiri anaimba vile? Zile zilikuwa betri. Baba yako hakununua mpya mpaka mtu aanze kuguna humo ndani.”

Kwa hiyo wale wa Ulaya nilikuwa nimewasingizia kuhusu kasi. Wa kulaumiwa ni haya masikio yangu. Miaka yote hiyo nililinda sauti ya asili ambayo sikupata kuisikia.

Ila kuhusu ubora, kesi ilibaki. Upande wa kwanza wa Baba umeliwa. Kila sauti inapopanda inachanika, na herufi “s” zinachemka kama mafuta yenye maji. Hapo toleo jipya linashinda, pamoja na tiki yake. Nikageuza. Upande wa pili, ule wa kutunzia betri, ulikuwa karibu mpya. Gita liliingia na ukucha wake, ungeweza kusikia waya ukikamatwa na kuachiwa. Besi ilikuwa na tumbo, na matoazi yalikuwa shaba.

Mpwa wangu akauliza ipi bora. Nikamwambia nusu ya kwanza ya wimbo tusikilize ya kwake, nusu ya pili ya babu yake.