Kuufuata Waya hadi Moiben

Kwetu Lamu, kabla ya laini ya Rabai, Malindi na Garsen kutufikia miaka ya 2010, stima ilikuwa ya jenereta. Dizeli ikichelewa, mji mzima ulikaa gizani. Kwa hiyo niliposikia kwamba serikali inataka umeme wote wa Kenya uwe safi ifikapo 2030, nilitamani kuona kwa macho yangu unatoka wapi na unamfikia nani. Nikachagua mwisho wa mbali, Moiben, kwenye nyanda za juu za Uasin Gishu, pande ambazo sikuwahi kuzikanyaga.

Basi lilitoka Nairobi alfajiri. Tulipoanza kuteremka Bonde la Ufa, mama niliyeketi naye akanyosha kidole dirishani: "Olkaria iko kule, nyuma ya Longonot." Huko kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, inatoboa ardhi na kuufungia mvuke kazini. Mtambo wa kwanza uliwashwa 1981, na leo mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya thuluthi ya umeme wa nchi. Kwetu kila kitu hungoja kitu kingine, jahazi hungoja upepo na mvuvi hungoja maji kupwa. Mvuke huu haungoji jua wala mvua, unafanya kazi usiku kucha watu wakiwa wamelala.

Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya bahari, ndipo nilipokutana na baridi ya kweli. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama utosini, na meno yangu yanagongana. Sikujua kwamba jua linaweza kuangaza kiasi kile bila kupasha joto! Nilinunua sweta ya mtumba kando ya barabara na kuivaa papo hapo.

Kesho yake, huko Kesses, nikaelewa kwamba baridi ile ni mali. Kituo cha umeme wa jua cha kampuni ya Alten kiko pale, megawati 40, nami nilikitazama nikiwa nje ya ua. Paneli zimelala safu kwa safu, zote uso juu, kama papa waliopasuliwa na kutandazwa waanikwe ufukweni. Kijana mmoja wa pale, fundi wa umeme, alinieleza jambo lililonishangaza. Paneli hulishwa na mwanga, lakini joto huipunguzia nguvu. Kumbe jua kali la mahali penye ubaridi ndilo linaloifaa zaidi, na mimi nilikuwa nimeamini kwamba pwani tumebarikiwa kuliko wote. Ongeza vituo vingine vya jua, Selenkei na Cedate, megawati 40 kila kimoja, na kaunti hii moja ya Uasin Gishu inapata 120. Bwawa zima la Turkwel ni 106. Tofauti ni kwamba jua likizama, zile 120 huzama nalo, na jioni ndiyo saa ambayo nchi nzima hurudi nyumbani na kuwasha taa.

Nilipita pia, haraka, kwenye kituo cha kugawia umeme cha Lessos. Nyaya za kutoka Turkwel zinaingia pale, za kutoka Olkaria zinapita kwenda Kisumu, nyingine zinaelekea Tororo nchini Uganda. Zamani nguvu ilipofifia magharibi, uliwashwa mtambo wa mafuta kule Muhoroni. Nikiwa chini ya minara ile nilidhani kazi imekwisha: umeme upo, tena ni safi, maana zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaozalishwa Kenya hautokani na mafuta.

Kisha nikafika Moiben. Mashamba hayana ukomo, mahindi upande huu, ngano upande ule, na macho yangu yaliyozoea minazi hayakupata pa kutua. "Chamgei!" akanisalimu kogo, nyanya wa mwenyeji wangu, akaniwekea kikombe cha mursik. Ni maziwa ya mgando yenye ladha ya mkaa wa mti, makali kidogo. Nilimaliza nikaomba tena, naye akafurahi mno.

Kabla ya mapambazuko tulipeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea. Hapo ndipo safari yangu ilipogeuka. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni, saa zile zile ambazo paneli za Kesses hazina la kutoa. Asubuhi hiyo stima ilikuwa imepotea tangu usiku. Mti ulikuwa umeangukia waya, na unaofika pale ni huo mmoja tu. Maziwa yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 4 upesi, la sivyo yanakataliwa. Mhudumu akazunguka nyuma ya jengo, na mara nikasikia mngurumo ninaoujua tangu utotoni. Jenereta, ya dizeli.

Nilisikitika kwa dhati. Usafi wote ule, tangu mvuke wa Olkaria hadi jua la Kesses, umeishia kwenye pipa la dizeli kwa kukosekana waya wa pili. Nadhani ndiyo maana watu wa hapa hawaulizi megawati ngapi zimeongezwa. Wanauliza fundi atafika saa ngapi.

Mhudumu alikuwa na wazo bora kuliko mengi niliyoyasoma. Usiku wa manane mahitaji hushuka na mvuke wa Olkaria hubaki. Ndiyo sababu Desemba 2017 wateja wakubwa walianza kuuziwa umeme wa usiku kwa nusu bei. "Kuna mapipa ya kupozea yanayogandisha barafu," alisema. "Tukiigandisha usiku, hata stima ikipotea alfajiri maziwa yatapoa. Hiyo bei ya usiku haiwezi kutufikia sisi?"

Mpango wa umeme wa nchi hutazama miaka 20 mbele na hupitiwa upya kila mara. Utakapofunguliwa tena, ningependa swali la mhudumu yule na ule waya wa pili vitangulie megawati nyingine yoyote.