Bitana ya Meno ya Mama Yetu

Tangu mama yetu ang'olewe meno yake ya mwisho, sisi wanawe tumelazimika kujua mambo ambayo hatukuwahi kuyafikiria. Ufizi wenye vidonda hauvumilii meno ya bandia magumu; ndiyo maana daktari huyawekea upande wa ndani bitana laini, mfano wa ile ishonwayo ndani ya koti, ili ufizi upate kupona.

Tulipouliza bitana hiyo hutengenezwa kwa kitu gani, tuliambiwa kuwa aina iliyozoeleka ni unga wa akriliki uliochanganywa na majimaji yenye alkoholi kidogo pamoja na kemikali za kulainisha plastiki, mara nyingi za jamii ya thaleti. Kemikali hizo hazikufungamana na plastiki. Zimo ndani yake kama mafuta yaliyonywewa na pamba. Mate huzitoa kidogo kidogo, na mwenye meno huzimeza. Ndiyo sababu bitana hiyo huwa ngumu baada ya muda mfupi, ikahitaji kubadilishwa. (Suala la alkoholi tumelipeleka kwa sheikh wetu, maana si letu kulitolea hukumu.)

Utafiti uliochapishwa Ulaya mwaka 2004 ulikuta kuwa dibutili thaleti iliyovuja siku ya kwanza ilizidi mara nyingi kiwango cha siku kinachokadiriwa kuwa salama kwa mtu mzima. Kemikali hiyo imethibitika kudhuru uzazi wa wanyama wa maabara. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliizuia kuzidi asilimia 0.1 katika vitu vya kuchezea watoto. Hapo ndipo panapotuuma: mwanasesere anayetafunwa na mjukuu kwa dakika chache aliwekewa sheria, na bibi anayeshinda na kemikali ileile kinywani hakukumbukwa na sheria hiyo.

Hatukani kwamba bitana ilimsaidia mama. Alirudi kula ugali na samaki. Lakini zipo njia nyingine. Silikoni hubaki laini bila kutegemea kilainishi cha kuvuja, ingawa bei yake ni kubwa. Vipo pia vilainishi vitokanavyo na asidi ya limao vinavyoshika nafasi ya thaleti.

Mwezi uliopita tuliomba kuonyeshwa chupa kabla haijafunguliwa. Daktari, Allah amlipe kheri, hakukasirika. Alisoma maandishi yake pamoja nasi, kisha akaagiza silikoni. Gharama tumechangiana ndugu wanne. Usiku mama huyavua meno na kuyaweka majini, na alfajiri huyasuuza kabla ya kutawadha.