Mwaga, Mwagia, Mwagilia

Nyumba yetu iko Masese, mashariki ya katikati ya mji wa Jinja, na ukisimama nyuma ya jiko unaliona Ziwa Viktoria lote mbele yako. Mgeni akifika kwetu hudhani kwamba watu wanaokaa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, karibu na pale mto Naili unapoanza safari yake, hawawezi kuwa na shida ya maji. Sisi wenyeji tunajua kwamba maji ya kutazama ni mbali na maji ya kutumia. Ya ziwani yako chini mwaloni, nasi tuko juu, na katikati kuna kilima cha kupanda na dumu la lita 20 kichwani. Ya bomba tunanunua kwa jirani mwenye mfereji, shilingi 200 kila dumu.

Nyumba hiyo aliijenga bibi yangu, kuelekea mwaka 1990, wakati wanawake wa Masese walipojijengea nyumba katika mradi uliosaidiwa na Denmark. Bibi alipofariki alimwachia mama nyumba na kipande cha ardhi nyuma yake. Mama akakigawa matuta matatu, kila moja mita 4 kwa mita 1, na humo hupanda nakati.

Kwa msomaji asiyeijua, nakati ni mboga ya majani inayopendwa sana Uganda, hasa huku kwetu Busoga na Buganda. Ni ndugu wa damu wa nyanya chungu. Wataalamu wa mimea wanaziweka zote mbili katika spishi moja, Solanum aethiopicum. Kwa hiyo uchungu umo katika ukoo wake. Kidogo tu, ndio unaoleta ladha. Ukizidi, mlaji husukuma sahani pembeni.

Mama huuza nakati yake kwa mafungu. Mteja wake mkubwa ni mama mmoja anayepikia wavuvi chakula karibu na mwalo. Kila Jumamosi huchukua mafungu 10 na kulipa papo hapo. Fedha hizo ndizo nauli yangu ya kurudi chuoni Kampala, ndizo daftari, ndizo sabuni. Nilikuwa nikilijua hilo kwa muda mrefu, kama mtu anavyojua jambo asiloliwaza.

Mwezi wa Januari, katikati ya kiangazi, mama alipigiwa simu kutoka Mbale kwamba dada yake ni mgonjwa. Alifunga nguo zake asubuhi ileile. Kabla ya kupanda gari alinishika mkono, akanipeleka kwenye matuta na kunionyesha nakati, ambayo ilikuwa imefika juu kidogo ya kifundo cha mguu. "Asubuhi na jioni," aliniambia kwa Kisoga. "Hata kama ni kidogo. Usiruke siku."

Niliruka siku tano.

Sababu yenyewe ni ya aibu, lakini insha isiyosema kweli haina kazi. Njia ya kupandia kutoka mwaloni inapita kwenye stendi ya bodaboda, na pale hukaa vijana niliosoma nao shule ya msingi. Tangu nijiunge na chuo wananiita Profesa. Siku ya kwanza nilipita na dumu kichwani, maji yakinichuruzika shingoni, mmoja akauliza kwa sauti ikiwa hilo ndilo somo tunalofundishwa Kampala. Wote wakacheka, nami nikacheka. Kesho yake sikuteremka ziwani. Fedha ya kununulia maji ya bomba aliyoniachia mama niliitumia kununua data za simu.

Kila jioni mama alipiga simu. "Umezimwagilia?" Nami nilijibu, "Ndiyo, Mama." Nilimjibu hivyo jioni tano mfululizo, na kwa kweli jioni ya tano ulimi haukukwama hata kidogo.

Siku ya sita nilitoka nyuma nikaona majani yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Mengine yamejikunja, na chini yake udongo umekauka ukawa kama sakafu. Hofu ikanishika. Nilisahau stendi na wanaokaa stendi. Nilipanda na kushuka kile kilima mpaka nikafikisha madumu tisa, na yote nikayamimina kwenye matuta saa saba mchana, jua likiwa utosini. Nilidhani deni la maji hulipwa kwa mkupuo. Maji hayakuingia. Yaliteleza juu ya lile gamba la udongo, yakachimba mifereji, yakaacha mizizi ya miche nje na kukimbilia njiani hadi kwa jirani.

Jirani huyo ni bibi mmoja aliyekuja Masese zamani kutoka upande wa Kenya. Tunamwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. Masese ina watu wa kila kabila, na Dani hazungumzi nasi Kisoga wala Kiganda bali Kiswahili cha mwaloni, kile ambacho baadhi yetu darasani tunakicheka kwa sababu ya upatanisho wake wa kisarufi. Alifuata maji kwa macho kutoka mlangoni pake hadi miguuni pangu.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe unamwaga maji. Humwagilii."

Nilibaki nimeshika dumu tupu. Muhula uliotangulia nilikuwa nimejibu swali la mtihani kuhusu jambo hilohilo: namna kiambishi cha kauli ya kutendea kinavyoweza kurudiwa katika kitenzi kimoja, na namna kurudiwa huko kunavyoleta mara nyingi maana ya kuendelea au kutimiza. Kutoka enda tunapata endea, kisha endelea. Kutoka tupa, tupia, kisha tupilia. Kutoka mwaga, mwagia, kisha mwagilia. Mifano yote nilikuwa nimeiandika na alama nikapata. Haikunijia hata mara moja kwamba neno hilo linamhusu mtu mwenye tuta na dumu.

Dani aliingia shambani bila kukaribishwa. Kwa kijiti alinionyesha jinsi ya kuvunja lile gamba la udongo bila kugusa mizizi. Akaniagiza nilete majani makavu ya migomba, tukayatandaza kati ya mistari ili jua lisinyonye unyevu. Kopo la bati alilitoboa matundu kwa msumari. "Sasa ngoja jioni," akasema. Jioni tulipitisha kopo mara mbili: mara ya kwanza kidogo sana, udongo ulainike, mara ya pili, ndipo unywe. Kisha akanifundisha kutia kidole ardhini hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, bado.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Katika kiangazi kama chetu, jua na upepo huweza kuondoa milimita 5 hivi za maji kwa siku kwenye tuta la mboga, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Matuta yetu ni mita 12 za mraba. Basi ni lita 60, madumu matatu kwa siku. Hata kama yote ningeyanunua, ni shilingi 600. Hicho ndicho kiasi nilichoshindwa kukitoa kwa sababu ya kicheko cha stendini.

Nilisoma pia, kwa zile data nilizonunua, kuhusu mboga chungu za kwingine. Italia kuna mboga iitwayo radicchio, yenye majani mekundu yaliyofungana. Wakulima wake nao hulalamika kwamba joto na kiu huizidishia uchungu. Karibu na mji wa Treviso kuna aina ambayo wakulima huing'oa majira ya baridi pamoja na mizizi yake, wakaisimamisha gizani katika maji ya chemchemi yanayotiririka kwa siku kadhaa, mpaka majani mapya yatoke laini na uchungu upungue. Nilijisikia vibaya kusoma hayo. Mtu wa Treviso humpa mmea mchungu maji usiku na mchana, nami ninayeliona ziwa kutoka jikoni nimeunyima.

Nilimwagilia siku kumi na nane, asubuhi na jioni. Stendini waliniita Profesa kwa siku tatu hivi, kisha wakachoka. Tuta moja lilikufa karibu lote. Mawili yakasimama.

Mama aliporudi kutoka Mbale hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye matuta, akachuma jani, akalitafuna bichi. Akalitema.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tano, Mama."

Hakunigombeza. Jumamosi alikata mafungu 10 kutoka yale matuta mawili akayapeleka mwaloni, kwa sababu aliahidi. Jumatatu yule mama wa chakula alituma mtoto na ujumbe: wavuvi wameiacha nakati kwenye sahani, na wiki hiyo atanunua kwingine. Nilimwomba mama ruhusa nikaenda mwenyewe. Nilimkuta akipuliza moto. Nikamwambia kwamba kosa si la mama yangu wala la mbegu, ni langu mimi, na nikamweleza siku tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nasoma nini. Nilipomjibu kwamba nasoma Kiswahili, alitikisa kichwa akaendelea kupuliza moto.

Hakurudi kununua wiki hiyo wala iliyofuata. Nilisafiri kwenda Kampala kwa nauli ambayo mama alikopa kwa Dani. Mvua za Machi ziliponyesha na nakati mpya ikakua, ndipo mama akanipigia kuniambia kwamba mteja wake amechukua mafungu manne. Hadi leo hajafikia kumi.

Sasa kila likizo matuta ni yangu. Mama akiwa safarini hupiga simu jioni kama zamani, ila swali limebadilika. Haniulizi tena kama nimemwagilia. Huuliza, "Madumu mangapi?" Juzi nilimjibu kwamba ni mawili, kwa kuwa mgongo ulikuwa unaniuma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Kesho yawe manne."

Yakawa manne.