Mstari Uliofutwa Iowa

Ndugu msomaji, kazi ya kufundisha Kiswahili hapa Bujumbura imenizoesha kuulizwa maana za maneno, lakini swali lililonijia kutoka Iowa, Marekani, lilininyima usingizi. Aliyeuliza ni mwanafunzi wangu wa zamani. Katika jimbo hilo wanaishi Wakongo na Warundi wengi, nao humwendea awasomee barua za serikali. Alikuwa akiandaa karatasi ya Kiswahili kuhusu sheria ya jimbo inayokataza ubaguzi, akanitumia orodha: rangi, dini, asili ya taifa, ulemavu, jinsia, kisha yale mambo mawili yaliyoongezwa mwaka 2007. "Mwalimu, haya niyaandikeje?"

Nakiri kwako kwamba la kwanza nililijibu kwa neno la mtaani, lile linalotamkwa kwa kicheko. Akanijibu kwa adabu, ila pasipo kuzunguka: "Mwalimu, huenda atakayeisoma karatasi hii ndiye mlalamikaji mwenyewe." Niliona haya. Hati ya sheria haiwezi kumwahidi mtu ulinzi katika mstari uleule unaomtukana. Tukaafikiana tuandike mwelekeo wa kimapenzi, na utambulisho wa kijinsia.

Pengine wewe, kama mimi, ulidhani Marekani ina sheria moja kwa wote. Kila jimbo lina ya kwake. Wisconsin lilikuwa la kwanza kukataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi, mwaka 1982. Minnesota likatangulia kwa utambulisho wa kijinsia, mwaka 1993. Mengine yalifuata, mengine hayakufuata kamwe.

Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua, katika kesi ya Bostock, kwamba sheria ya shirikisho ya 1964 huwalinda watu hawa kazini. Hoja yake humpendeza mwalimu wa sarufi. Mwajiri akimfukuza mwanamume kwa kumpenda mwanamume, ilhali hamfukuzi mwanamke ampendaye mwanamume, basi kilichopimwa ni jinsia ya mfanyakazi, na neno "jinsia" lilikuwamo katika sheria tangu mwanzo.

Lakini tazama mipaka yake. Sehemu hiyo ya sheria inahusu ajira tu, tena kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Sheria ya Iowa humfikia hata mwenye wanne, na huingia pia katika nyumba za kupanga, shule, mikopo, hoteli na maduka. Na ile sehemu ya sheria ya 1964 inayohusu hoteli na mikahawa haikutaja jinsia kabisa. Kwa hiyo hapo hoja ya Bostock haina neno la kushika.

Mwezi Februari 2025 gavana wa Iowa alitia saini sheria ya kuondoa utambulisho wa kijinsia katika orodha, kuanzia tarehe 1 Julai. Walioitetea walisema ulinzi huo uliwanyima wanawake faragha na usalama katika sehemu zao. Hofu hiyo siidharau. Ila naona kwamba swali la vyoo na michezo lingeweza kutungiwa vifungu vyake, bila kumwondolea mtu kinga anapotafuta chumba cha kupanga. Wala sikujua, kabla ya hapo, kwamba haki iliyoandikwa kwa miaka 18 huweza kufutwa kwa kura ya kawaida ya bunge la jimbo.

Mwanafunzi wangu alinirudishia karatasi ile mwezi Juni tuirekebishe. Tuliuacha mwelekeo wa kimapenzi mahali pake. Tukaacha pia muda wa kulalamika, siku 300, kwa kuwa watu wengi huja wamechelewa. Kisha tukaufuta mstari mmoja, tukaandika chini yake kwamba mfanyakazi wa mahali penye watu 15 bado anaweza kwenda ofisi ya shirikisho. Aliniuliza tumwandikie nini anayefanya kazi katika duka la watu sita. Hatukupata sentensi ya kumwandikia.