Betri ya rimoti imekufa, gari halijafa

Leo siandiki kuhusu kompyuta, ingawa mtaona kwamba mwishoni tumerudi kule kule. Naandika kuhusu alfajiri moja ya mwezi wa Julai, nyumbani kwetu Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, nilipoaibishwa na kidude cha plastiki kinachotosha kiganjani.

Tata (ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba) anaugua figo. Kila Jumanne na Ijumaa anasafishwa damu kwa mashine katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Zamu yake ni ya saa moja asubuhi. Mtu wa figo akikosa siku yake, maji na uchafu vinabaki mwilini mpaka siku nyingine, na tata alishawahi kukosa mara moja. Uso ulimvimba hatukumtambua. Kwa hiyo nilipoanza kufanya kazi nikiwa nyumbani nilinunua gari dogo lililotumika Japani, la kuwasha kwa kitufe. Nilijisifu sana. Eti mhandisi wa programu hawezi kuendesha gari la kuzungusha ufunguo!

Ijumaa hiyo tulitoka saa kumi na moja. Baridi, ukungu umelala juu ya majani chai, tata amejifunga blanketi mabegani. Nikagusa mlango. Kimya. Nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikaisogeza karibu na kioo nikabonyeza tena kwa nguvu, kama mtu anayemfokea kiziwi. Hata ile taa ndogo nyekundu ya kwenye rimoti haikuwaka.

"Gari limeisha moto?" tata akauliza.

"Hapana tata, ni ufunguo."

"Ufunguo unaishaje?"

Swali zuri. Mtu huyu aliendesha Peugeot 504 ya abiria miaka mingi, zile zilizokuwa zikitoka Kisii kwenda Nairobi. Ufunguo wake ulikuwa chuma. Chuma hakiishi.

Kwa bahati nilikumbuka kwamba ndani ya rimoti kuna ufunguo mwembamba wa chuma. Nikasukuma kitufe kidogo cha ubavuni, ukachomoka. Nikafungua mlango wa dereva... na alamu ikalia! Mbwa wa Kebirigo wote wakaamka, na majirani nao wakaamka. Alamu haikujua kwamba mwenye gari ni mimi, kwa sababu mlango ulifunguliwa kwa chuma na si kwa rimoti. Baada ya nusu dakika hivi ikanyamaza yenyewe.

Nikaketi, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Kwenye dashibodi kukatokea picha ya ufunguo na mstari wa maandishi ya Kijapani. Hapo moyo ulinipasuka kidogo, msomaji, kwa sababu mstari ule niliufahamu. Wiki mbili nzima maandishi yaliyofanana nao yalikuwa yakitokea kila nikizima gari. Nilidhani ni "asante kwa safari njema".

Vijana wa bodaboda waliokuja kwa sababu ya alamu wakasema tusukume. Tata naye akaunga mkono, 504 ilikuwa ikisukumwa na inawaka. Nikawaeleza kwamba gari hili ni la gia otomatiki. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya mafuta ya gia haizunguki, hakuna shinikizo la kuunganisha magurudumu na injini, hivyo ungelisukuma mpaka Chemosit bila kuwaka. Wakanitazama kama mtu anayetafuta visingizio.

Nikakimbilia chumbani. Kuna kompyuta yangu ya zamani ya mezani, nami nilijua kwamba ubao wake una betri ya kitufe, CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Nikaifungua kwa bisibisi, nikaichomoa, nikaiweka kwenye rimoti. Taa haikuwaka. Kompyuta ile imekaa chini ya kitanda tangu nimalize chuo, na betri yake ilikufa pale pale bila kumwambia mtu.

Sasa ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mama alikuwa ameanza kumtafutia tata nafasi kwenye Probox inayopita barabarani, na ninyi mnazijua Probox zetu za Kisii: mgonjwa angekaa kwenye mapaja ya mtu hadi mjini.

Ndipo nikakumbuka kitabu cha gari. Kipo tangu Mombasa, kinono, Kijapani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikuwa nimekifungua hata siku moja. Nikakielekezea kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, nikapekua nikifuata michoro, mpaka nikaona picha ya mkono umeshika rimoti karibu na kitufe cha kuwasha. Mtandao ulikokota, lakini tafsiri ikaja, imepindapinda: kanyaga breki, gusisha nembo ya ufunguo kwenye swichi, ukisikia mlio bonyeza.

Nikakanyaga breki. Nikaigusisha rimoti, upande wa nembo, kwenye kitufe. Piii. Nikabonyeza. Injini ikanguruma.

Tata akaingia, akafunga mkanda, akasema neno moja tu: "Twende." Tulifika Kisii saa moja kasoro dakika tano.

Sasa tuelewe kilichotokea. Rimoti ile ina mambo mawili ndani ya kasha moja. La kwanza ni redio. Ukigusa mlango au kitufe, gari linatoa mwito kwa mawimbi ya chini, kwa kawaida karibu kilohezi 125, yanayofika kama mita moja tu. Rimoti inausikia na kujibu kwa mawimbi mengine (magari yaliyotengenezewa soko la Japani hutumia karibu megahezi 315, ya Ulaya 433) ikitoa jibu la siri linalobadilika kila mara. Kusikiliza na kujibu kunahitaji umeme, na umeme huo unatoka kwenye betri.

La pili ni chipu ndogo isiyohitaji betri kabisa. Karibu na kitufe cha kuwasha kuna koili ya waya. Ukisogeza rimoti sentimita chache tu, koili hiyo inaipa chipu umeme kupitia hewani, kwa kanuni ile ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Chipu inaamka, inajitambulisha, inalala tena. Kadi ya benki ya kugusisha dukani inafanya kazi vivyo hivyo, nayo haina betri.

Kwa maneno mengine, wahandisi wa Japani walijua betri itakufa siku moja. Walitengeneza ufunguo wa chuma wa kufungulia mlango, wakatengeneza chipu ya kuwashia injini, wakaweka onyo wiki kadhaa kabla. Walifanya kila kitu. Kasoro yao haikuwa kasoro kwa yule Mjapani waliyemtengenezea: walimweleza kwa lugha yake. Gari ndilo lililovuka bahari, maelezo yakabaki kule.

Njiani kurudi nilitaka kuwacheka, nikashindwa. Mwaka jana niliandikia kikundi kimoja cha akiba hapa Nyamira programu ya kuweka hesabu. Nilijua mtandao wetu, kwa hiyo niliweka njia ya kufanya kazi bila intaneti: ukibonyeza F9 programu inahifadhi kila kitu kwenye mashine na kupeleka kwenye seva baadaye. Nilijivunia sana kipande hicho cha msimbo. Kisha mtandao ukakatika siku tatu, na mweka hazina, mama wa umri wa mama yangu, akaandika malipo yote kwenye daftari, na mengine yakapotea, akalaumiwa mkutanoni. Nilipomuuliza kwa nini hakubonyeza F9, akaniambia, "Mwanangu, kilitokea Kiingereza chekundu, nikaogopa nisiharibu."

Nami nilimjibu kwamba mbona imeelezwa kwenye ukurasa wa msaada! Ukurasa wenyewe wa Kiingereza, nilioandika mimi, ninayezungumza naye Kiswahili na Ekegusii kila siku.

Kijapani changu kilikuwa Kiingereza chake. Njia ya dharura ambayo mwenye shida haijui ni sawa na isiyokuwepo. Chuoni tulifundishwa kuiandika njia hiyo na kuijaribu. Sikumbuki tukifundishwa kumwambia mtu.

Basi, nisirudie kosa, haya hapa kwa Kiswahili.

Betri ya rimoti ikifa, tafuta kitufe cha ubavuni, chomoa ufunguo wa chuma, fungua mlango wa dereva. Alamu ikilia usishtuke. Kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwasha, kisha bonyeza bila kukawia. Katika Toyota ni upande wenye nembo, Honda vilevile upande wa herufi H, Mazda ni mgongo wa rimoti. Nissan nyingi ni kugusisha tu, na baadhi za zamani zina tundu la kuchomeka rimoti nzima. Dashibodi ikiwa giza totoro, basi hiyo si betri ya rimoti, ni betri kubwa ya gari, tafuta waya na gari la jirani.

Ukienda dukani, soma namba. CR2032 maana yake ni upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana huo huo lakini unene ni 2.5, na CR1632 ni ndogo, upana 16. Zote ni volti 3, ila isiyo na unene sawa haitakaa vizuri. Yangu niliinunua Kisii mjini kwa shilingi 100. Na usiilaze rimoti karibu na kompyuta au chaja, mawimbi yake huifanya isipumzike. Mimi nilikuwa nikiilaza juu ya laptopu kila usiku!

Jumanne iliyofuata, kabla ya kuondoka, nilimpa tata rimoti nikamwomba awashe gari kama imekufa. Akaigusisha, akabonyeza, ikanguruma. Akanirudishia. "Mbuya mono," akasema, "sasa ni ufunguo."

Ule ukurasa wa msaada nimeuandika upya. Onyo la mtandao kukatika sasa linasema: "Usiogope. Bonyeza F9, endelea kuandika, hakuna kitakachopotea." Mweka hazina ameshalijaribu mbele yangu mara mbili. Sasa nipo kwenye maonyo mengine, yamebaki arobaini na moja.

Haya, kwa leo niishie hapa. Nenda ukaijaribu yako ukiwa nyumbani, mchana, jua likiwaka.